Mgongo Ukiumia Kazini, Nani Aamue Kama Ni Ajali?

Mkono ukikatwa na msumeno hakuna anayebishana. Damu inaonekana, gari linatafutwa, na kabla ya saa ya chakula kila mtu kiwandani ameshajua ni nani aliyeumia na kwenye mashine gani. Mgongo hauna ushahidi wa namna hiyo. Mpakuaji anainama saa nne asubuhi kuchukua mfuko wa saruji, anahisi kitu kimevutika chini ya kiuno, anasimama kidogo, anajinyoosha, anaendelea na kazi. Jioni anapanda matatu na kufika nyumbani. Asubuhi ya pili hawezi kuinama kuvaa viatu. Swali basi linazuka kwenye simu, kati ya mtu aliyelala chali na msimamizi aliye langoni akihesabu watu wake: je, hili ni la kuandikishwa, au ni maumivu ya kawaida yatakayopita?

Mara nyingi linaamuliwa kwa nusu dakika.

"Bosi, leo sitaweza kufika. Mgongo umenishika tangu jana pale kwenye saruji."

"Pole sana, kijana. Pumzika kwanza. Ukipata nafuu nipigie."

Hakuna ubaya katika maneno hayo. Ni maneno ya kiutu, na wasimamizi wengi huyasema kwa nia njema. Tatizo ni kwamba mazungumzo hayo mafupi tayari ni taarifa ya ajali mbele ya sheria ya Kenya, na yule aliyesema pole huenda hajui kwamba saa imeanza kuhesabu.

Kifungu cha 21 cha Sheria ya Mafao ya Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, ambayo wafanyakazi na mawakala wa bima wanaiita WIBA tu, kinakubali taarifa ya mfanyakazi iwe ya maandishi au ya mdomo. Kwa hiyo simu ile inatosha. Kuanzia hapo mzigo unahamia kwa mwajiri. Kifungu cha 22 kinampa siku saba, tangu alipopewa taarifa au alipojua kwa njia nyingine kwamba mtu wake ameumia, awe amepeleka ripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Siku hizo saba hazingoji picha ya eksirei. Hazingoji barua ya daktari bingwa, wala mkutano wa meneja na wakili wa kampuni.

Ndani ya kifungu hicho hicho kuna kipengele ambacho ningependa kila msimamizi akijue kwa moyo. Kwa maana yake, kinasema kuwa ajali ya kuripotiwa ni pamoja na jeraha lolote ambalo mfanyakazi, anapolieleza, anadai kwamba limetokana na kazi yake na limempata akiwa kazini, hata kama kwa maoni ya mwajiri sivyo lilivyotokea. Yaani sheria ilishawaza kwamba kutakuwa na mabishano. Ilijua kuna siku mwajiri atasema, "Huyu alikuwa na mgongo mbovu kabla hajaja hapa," au, "Huyu aliumia Jumapili kwenye mpira." Ikaamua kwamba mabishano hayo yasimalizwe na mmoja wa wanaobishana.

Mwajiri hajanyang'anywa sauti. Anaweza kuandika mashaka yake kwenye ripoti, akataja mashahidi wake, akaomba mfanyakazi achunguzwe na daktari mwingine. Asichoweza ni kuichukua shaka yake akaifanya hukumu, kisha akaifungia fomu kwenye droo. Kazi ya kupima kama jeraha ni la kazini imepewa Mkurugenzi, na asiyeridhika na uamuzi wake ana siku 60 za kuweka pingamizi, na zaidi ya hapo kuna Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Msimamizi wa langoni hayumo katika ngazi hiyo hata mara moja. Anachotakiwa kufanya ni kupokea taarifa na kuipitisha.

Sasa tuje kwenye kauli inayopoteza haki za watu wengi kuliko zote: "Lakini hakukosa kazi siku tatu." Imezoeleka mno maofisini, na inasemwa kwa uhakika kana kwamba ndiyo mpaka wa kuripoti. Siku tatu zipo kweli katika WIBA, ila zinahusu pesa. Kifungu cha 28 kinasema mfanyakazi ambaye jeraha limemzuia kabisa kufanya kazi kwa siku tatu au zaidi analipwa kiasi kinacholingana na mapato yake, kwa muda usiozidi miezi 12. Hapo ni malipo. Wajibu wa kuripoti haukuwekewa ngazi hiyo, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya mwaka 2007, inamtaka mwajiri amjulishe afisa wa eneo kuhusu ajali yoyote iliyotokea mahali pa kazi. Ajali ikiua, afisa ajulishwe ndani ya saa 24. Isipoua, notisi ya maandishi ndani ya siku saba. Mfanyakazi aliyekosa siku moja, au aliyejikongoja akarudi siku ileile akawekwa kwenye kiti kuhesabu mifuko inayotoka, naye ameumia.

Tofauti hii ina uzito wake mfukoni. Chukua mtu ambaye mgongo umemlaza wiki sita. Akiandikwa kuwa ni mgonjwa tu, anaangukia kwenye kifungu cha 30 cha Sheria ya Ajira: baada ya miezi miwili mfululizo ya utumishi, kiwango cha chini cha likizo ya ugonjwa ni siku saba za mshahara kamili na siku saba za nusu mshahara kwa mwaka. Wiki ya tatu ikiingia, kama hakuna mkataba wa chama unaompa zaidi, hana kitu. Dawa anajinunulia. Akiandikwa kuwa ameumia kazini, mapato yake yanaendelea kwa wiki zote sita, gharama za matibabu na za kwenda na kurudi hospitalini ni za mwajiri, na siku zake za ugonjwa zinabaki pale pale zikingoja malaria yake. Maumivu ni yaleyale na kitanda ni kilekile. Kilichobadilika ni mstari mmoja kwenye fomu.

Fomu yenyewe inaitwa DOSH/WIBA 1. Ina mahali pa mwajiri na mahali pa daktari. Mwenye kuijaza kwa haraka huandika "aliumia mgongo akiwa kazini", akatia sahihi, akaona kamaliza. Maelezo ya namna hiyo hayamsaidii mtu yeyote, si mfanyakazi wala mwajiri. Mgongo unahitaji kuelezwa kuliko jeraha lolote, kwa sababu hauna kovu la kuonyesha baadaye. Andika alikuwa akifanya nini hasa: alikuwa akipakua lori au akipanga ghalani, alikuwa peke yake au na mwenzake, mfuko ulikuwa wa kilo ngapi, alikuwa akigeuka au akiinuka, sakafu ilikuwa na maji, nani alikuwa karibu, saa ngapi alisimama, alimwambia nani. Mtu akisoma maneno hayo miezi kumi baadaye aweze kuiona ile kazi.

Nenda kasimame kidogo penye duka la vifaa vya ujenzi siku lori la saruji linapofika. Wawili wako juu, wanaivuta mifuko hadi ukingoni. Wa chini anageuza mgongo, anakunja magoti, anainamisha kichwa, na mfuko unamshukia kati ya mabega. Anatembea hatua fupi za haraka, kwa kuwa akisimama uzito unazidi, anapanda ubao ulioegemezwa mlangoni, anafika kwenye rundo na kujipindua upande mmoja ili mfuko uanguke. Kupindua huko ndiko wanakokulalamikia wenyewe. Wakati wa kubeba kiuno kimenyooka. Wakati wa kutua kinasokotwa kikiwa bado na mzigo. Mfuko ni kilo 50. Taasisi ya utafiti wa usalama kazini ya Marekani, NIOSH, katika kanuni yake ya kupima unyanyuaji inaweka kilo 23 kuwa kikomo pale ambapo kila kitu kiko sawa: mzigo uko karibu na mwili, mshiko ni mzuri, hakuna kujipinda, na mtu harudii mara nyingi. Shirika la Kazi Duniani mwaka 1967 lilipendekeza kwamba nchi ambako mwanamume anaruhusiwa kubeba zaidi ya kilo 55 zipunguze hadi hapo. Mpakuaji wetu anabeba 50, akijipinda, mchana kutwa, na malipo yake yanahesabiwa kwa mfuko.

Kenya ilijaribu kupunguza uzito huu kwa upande wa mazao. Kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka gunia lisizidi kilo 50, na hapo mazungumzo mengi yakawa juu ya mkulima kupunjwa bei. Mgongo wa anayelipakia lile gunia haukutajwa sana. Ulistahili kutajwa, kwani sheria ya usalama kazini inamkataza mwajiri kumbebesha mtu mzigo ambao kwa uzito wake unaweza kumuumiza.

Tukirudi kwenye kuamua: nchi nyingine zimechagua njia tofauti, na inafaa kuzijua kwa sababu ndugu zetu wengi wanafanya kazi huko. Marekani inaangalia matibabu. Jeraha la kazini linaingizwa kwenye daftari la kampuni, fomu namba 300, kama limesababisha kukosa kazi, kupunguziwa kazi, kupoteza fahamu au kutibiwa zaidi ya huduma ya kwanza. Kwa mgongo mpaka huo umechorwa kwa undani wa kushangaza. Kukandwa kwa maji moto au barafu, kuchuliwa, au kufunga mkanda laini wa kiunoni ni huduma ya kwanza. Kupelekwa kwa mtaalamu wa viungo kufanya mazoezi ya tiba ni matibabu. Vidonge vya dukani vikimezwa kwa kipimo cha dukani ni huduma ya kwanza. Dawa ileile ikipendekezwa na daktari kwa kipimo kinachohitaji cheti chake ni matibabu, na jeraha limeshaingia daftarini. Uingereza inahesabu siku. Tangu Aprili 2012 jeraha linalomzuia mtu kufanya kazi yake ya kawaida kwa zaidi ya siku saba mfululizo ndilo linaloripotiwa serikalini, ilhali zamani zilikuwa zaidi ya tatu. Zile zaidi ya tatu siku hizi zinabaki kwenye kumbukumbu za kampuni.

Njia zote mbili zina udhaifu uleule. Zinampa mwajiri sababu ya kuvuta mambo yasifike kwenye mstari. Mfanyakazi anaombwa aje tu akae, asihesabiwe siku. Zahanati ya kampuni inaombwa isiandike dawa kali. Kwa upande huu nadhani sheria ya Kenya ilichagua vizuri zaidi: ilitazama mtu aliyesema ameumia, na ikaanzia hapo. Kilichobaki ni sisi kuifuata.

Mgongo ni mgumu hata kwa madaktari, na mwajiri mwenye mashaka anastahili kulielewa hili kabla hajadai vithibitisho. Sehemu ya chini ya uti wa mgongo ina pingili tano zinazobeba sehemu kubwa ya uzito wa mwili, na kati yake kuna diski zinazopokea mishindo, zikizungukwa na misuli, kano na neva. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya chini ya mgongo, na hakuna hali nyingine inayolemaza watu wengi zaidi duniani. Kwa walio wengi hakuna chanzo kimoja kinachoonekana kwenye vipimo. Eksirei inaonyesha mifupa. Msuli uliochanika hauonekani humo, wala diski yenyewe. Kipimo cha MRI kinaonyesha diski, lakini kinaonyesha diski zilizochakaa hata kwa watu wasiohisi maumivu yoyote. Kwa hiyo mwenye kusema "eksirei imetoka safi, basi hakuumia" anakosea, na mwenye kusema "MRI inaonyesha diski ya zamani, basi si kazi" naye amekimbilia jibu. Picha pekee haiwezi kuamua. Ndiyo maana maelezo ya siku ya kwanza yana thamani kuliko picha.

Na siku ya kwanza mara nyingi inaharibikia zahanati. Mtu anafika amejishika kiuno, karani anamuuliza atalipa vipi. Mfanyakazi anajua kadi yake ya bima ya afya itakubaliwa upesi kama ni ugonjwa wa kawaida, na msimamizi amemnong'oneza asitaje kazi. Anasema aliteleza bafuni. Tabibu anaandika kama alivyoambiwa, na hana kosa. Wiki tano baadaye mguu unaanza kufa ganzi, daktari wa pili anazungumzia upasuaji, na sasa mfanyakazi anataka kusema kweli. Karatasi ya kwanza inayofunguliwa ni ile ya bafuni. Wakili wa kampuni ya bima hahitaji hoja nyingine.

Ndugu msomaji, ukiumia kazini mwambie tabibu hivyohivyo ulivyoumia, tangu dakika ya kwanza, na uhakikishe ameandika. Kama mgongo ulikuuma miaka ya nyuma, liseme na hilo. Watu wengi wanaficha wakidhani litawanyima haki, na baadaye faili la zamani linapopatikana wanaonekana waongo hata katika yale ya kweli. Kuwa na mgongo uliowahi kuuma hakumzuii mtu kuumia upya. Marekani imeliandika wazi katika kanuni zake: hali ya zamani ikizidishwa kwa kiasi kikubwa na tukio la kazini, hiyo ni ajali ya kazini. Na hapa kwetu, kama nilivyoeleza, swali hilo halimzuii mtu kuripoti. Litajibiwa mbele ya safari na wenye kazi ya kulijibu.

Penye ugumu wa kweli ni pale ambapo hakuna siku moja. Dereva wa trela wa Mombasa hadi Malaba, muuguzi anayegeuza wagonjwa kitandani, mchuma chai anayeinama na kikapu: mgongo wake haukukatika Jumanne saa nne. Umeumia polepole kwa miaka, na neno ajali halimkai vizuri. Mtu wa namna hii asijitungie tukio. Aeleze kazi anayofanya, tangu lini, mara ngapi kwa siku, na siku ile ambapo kwa mara ya kwanza alishindwa kuimaliza. Siku hiyo ina tarehe. Daktari ndiye wa kusema kama kazi hiyo ndiyo iliyomfikisha hapo, na asiombwe kusema zaidi ya anachokijua.

Kuna dalili ambazo hazingoji fomu wala siku saba. Miguu ikipoteza nguvu, sehemu za siri na mapaja ya ndani zikifa ganzi, au mtu akishindwa kuzuia mkojo au choo, hiyo ni dharura ya hospitali saa hiyohiyo. Neva zikibanwa hapo kwa muda, huenda zisirudi tena. Wengine walio wengi hupata nafuu katika wiki chache, hasa wakijizoeza kutembea taratibu badala ya kulala kutwa nzima. Nalisema hili kwa sababu kuna wanaoogopa kwamba kuripoti ni kujitangazia ulemavu. Mtu anaweza kuripoti Jumatano, akarudi kazini mzima Jumatatu ya pili, na hakuna kilichopotea. Ripoti isiyodaiwa senti inakaa tu kwenye faili. Isipokuwepo, siku mgongo utakaporudi kukataa hakutakuwa na pa kuanzia.

Sababu za kuficha zinafahamika. Kampuni zinaogopa ada ya bima kupanda, au zabuni ijayo itakayouliza idadi ya ajali. Kwenye baadhi ya maeneo ya ujenzi kuna ubao mkubwa langoni wenye tarakimu za siku zilizopita bila ajali, na timu nzima inaahidiwa zawadi tarakimu zikifika mahali fulani. Nia ilikuwa nzuri. Matokeo yake ni kwamba anayeumia mgongo siku ya mwisho kabla ya zawadi anabeba maumivu yake na macho ya wenzake pia. Ningeuondoa ubao ule kesho. Mahali pake ningeweka orodha ya mambo yaliyorekebishwa baada ya watu kusema.

Kwa kibarua, hofu ni nyingine na ni nzito kuliko zote. Anaitwa kazini kila asubuhi, na asiyeitwa hajafukuzwa, hakuitwa tu. Ataripoti vipi? Sheria ya Ajira inatambua mkataba wa mdomo, na inasema kumwachisha mtu kwa kuwa amelalamika dhidi ya mwajiri si sababu halali. Lakini haki ya kwenda mahakamani haimnunulii unga jioni hiyo. Ndiyo maana vyama vya wafanyakazi na kamati za usalama zina kazi hapa. Kila mahali penye watu 20 au zaidi sheria inataka pawe na kamati ya usalama na afya yenye wawakilishi wa wafanyakazi. Mwakilishi anaweza kupeleka taarifa kwa niaba ya aliyeumia, kwani kifungu cha 21 kinaruhusu taarifa itolewe na mtu mwingine kwa ajili yake. Kama kazini kwenu kamati ipo kwa jina tu, hilo ni la kuuliza Jumatatu. Na walioletwa na wakala wa ajira wampe taarifa wakala na mwenye eneo la kazi, wote wawili, ili pasiwe na wa kusema hakuambiwa.

Wasomaji wa Tanzania Bara wana utaratibu wao, na kwa namna fulani ni mwepesi zaidi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliunda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kukusanya michango Julai 2015. Anayechangia ni mwajiri peke yake. Mshahara wa mfanyakazi haukatwi kwa ajili hiyo. Fidia inatoka kwenye mfuko, kwa hiyo mwajiri anayeripoti hajitoi pesa mfukoni kwa mtu huyo mmoja, na sababu ya kuficha inapungua. Huko nako mwajiri ana siku saba za kutoa taarifa, na madai yanatakiwa yafike ndani ya miezi 12 tangu ajali. Kenya pia ina kikomo hicho cha miezi 12 kwa madai ya fidia.

Waajiri nao wafikirie faida yao. Ripoti tano za mgongo kutoka mlango mmoja wa kupakulia zinasema kitu ambacho mtu mmoja mmoja hawezi kukisema: kwamba pale pana ubao mwinuko mno, au lori linaegeshwa vibaya, au kazi ya watu sita inafanywa na wanne. Mkokoteni wa magurudumu mawili na jukwaa la kimo cha lori vingemaliza habari hiyo. Lakini ripoti hizo zikiwa zimeishia kwenye pole na mia tano ya dawa ya kuchua, meneja anabaki akishangaa kwa nini wapakuaji wake hawadumu.

Basi kama mgongo wako uliumia kazini juzi, au mwezi uliopita, na hukusema kitu, sema leo. Mtumie msimamizi ujumbe wa simu wenye tarehe, mahali, mzigo na jina la aliyekuwa nawe, uuhifadhi, umwombe nakala ya DOSH/WIBA 1. Akikataa kuijaza, nenda mwenyewe kwenye ofisi ya usalama na afya kazini iliyo karibu nawe na ueleze. Na wewe uliyepokea simu ya namna hiyo asubuhi, sema pole yako, kisha ichukue fomu uijaze kabla siku saba hazijaisha.